KMG ni ya wenyeji wa Kembata

Mnasema KMG, shirika linalopambana na ukeketaji wa wanawake Ethiopia, ni ya Wazungu. Hapana ndugu, si ya Wazungu. Waliianzisha dada wawili wa hukohuko Kembata, kusini mwa Ethiopia, Bogaletch na Fikirte Gebre, mwaka 1997. Pesa za wafadhili wa nje zilikuja, sawa, lakini kazi ni yao.

Na Bogaletch hakuanza kwa kuhubiri dhidi ya ukeketaji. Alipowauliza wazee wana shida gani, walimwambia daraja: watoto hawafiki shuleni, wachuuzi hawafiki sokoni. Daraja likajengwa, ndipo wakakubali kukaa barazani, wake kwa waume, kuzungumza mambo ambayo kwao yalikuwa mwiko. Mwaka 2002 bibi harusi mmoja aliolewa mbele ya umati, na bango kifuani linalosema hajakeketwa! Habari hizi zilienea sana Bogaletch alipopewa Tuzo ya Mfalme Baudouin ya Ubelgiji, 2013.

Ila kushuka kwa ukeketaji hadi asilimia 3, kunakotajwa sana, ni kwa Kembata tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 ulikuta asilimia 65 ya wanawake wa Ethiopia wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa.