Re: Nianze na Kiwelisi au lugha ya Elfu?

Ndugu, umeuliza uanze na Kiwelisi (lugha ya watu wa Wales) au Kisindarini, ile lugha aliyoitunga mwandishi Tolkien kwa ajili ya Elfu, viumbe wa kubuni wa hadithi zake, na kama kujifunza lugha ya kubuni ni kupoteza muda. Hilo la muda achana nalo, mbona wacheza bao hawaulizwi! Ila anza na Kiwelisi. Tolkien mwenyewe alikipenda mno, na sauti za Kisindarini kazichota humo.

Mfano, kwa Kiwelisi kichwa ni pen. Kichwa changu, fy mhen. Chake (mwanamume), ei ben. Chake (mwanamke), ei phen. Yaani neno linabadilika mwanzoni, si mwishoni. Wengi hukwama hapo, lakini wewe unayesema ulimi/ndimi na refu/ndefu bila hata kufikiri, utashangaa nini? Kisindarini nacho hugeuza p kuwa b au ph vivyo hivyo.

Kwenye matamshi ya Kiwelisi pia tumebebwa: dd ni dh ya dhahabu, th ni ile ya thamani, ch ni kh ya Khamisi. Iliyonitesa ni ll. Weka ulimi kama unataka kusema l, halafu toa pumzi pembeni bila sauti. Siku ya kwanza mke wangu alidhani nimepaliwa, akaniletea maji.

Halafu Kiwelisi kina wenyewe wa kuwasikiliza. Televisheni yao, S4C, ipo hewani tangu 1982. Kisindarini utakisoma na kukiandikia mashairi, lakini maneno yanayojulikana ni machache. Kununua vitunguu tu utakwama.