Serikali ijenge nyumba, au ishike ardhi?

SWALI: Shikamoo Mkadiriaji. Mimi ni mwalimu. Nusu ya mshahara wangu inaishia kwenye kodi ya nyumba, na mwenye nyumba anapandisha kila mwaka. Wanasiasa wanaahidi kwamba serikali itajenga nyumba za bei nafuu. Mume wangu anasema serikali haijui kujenga, iwaachie wafanyabiashara. Nani yuko sahihi, na je, nizisubiri hizo nyumba?
*Mwalimu Mpangaji*

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mumeo ana hoja, ila ameielekeza pasipo.

Kazi yangu ilikuwa kukadiria majenzi: saruji, nondo, mbao, ufundi. Nyumba ikiwa ghali watu hukimbilia kulaumu saruji. Mimi huomba kwanza kuona karatasi mbili ambazo fundi hazioni kamwe, ya kiwanja na ya benki. Chukua nyumba moja, ramani ileile, fundi yuleyule. Ukikopa bei yake yote kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 20, hadi unamaliza utakuwa umelipa zaidi ya mara tatu ya ulichokopa. Mkopo huohuo kwa asilimia 5 utakugharimu mara moja na nusu na ushee, na rejesho la kila mwezi litakuwa nusu ya lile la kwanza. Hakuna fundi anayeweza kukupunguzia nusu kwa kubana saruji. Akiweza, usilale humo ndani.

Ndiyo maana hili la serikali kujua au kutojua kujenga halininyimi usingizi. Kuta zitajengwa na makandarasi tu, awe nani mwenye mradi. Mimi nauliza ardhi ni ya nani, fedha zinatoka wapi na kwa riba gani, na nyumba inabaki mikononi mwa nani baada ya utepe kukatwa.

Singapore walianzisha bodi yao ya nyumba mwaka 1960. Mwaka 1966 ikatungwa sheria iliyoipa serikali nguvu ya kutwaa ardhi kwa fidia ndogo. Sheria kali ile, na waliotwaliwa ardhi hawakupiga makofi. Kuanzia 1968 wafanyakazi wakaruhusiwa kulipia nyumba kwa akiba zao za uzeeni. Leo takriban wakazi wanane kati ya kumi wanaishi kwenye nyumba za bodi hiyo, wengi wao kama wanunuzi wa hati ya miaka 99. Ardhi yenyewe haikuuzwa.

Vienna, mji mkuu wa Austria, walipita njia nyingine. Mwaka 1923 manispaa, chini ya mkuu wake wa fedha Hugo Breitner, ilianzisha kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba: mwenye chumba kidogo alilipa kidogo sana, mwenye jumba la kifahari alikamuliwa hasa. Kufikia 1934 zilikuwa zimejengwa nyumba zaidi ya 60,000, zikiwemo za Karl-Marx-Hof, jengo lenye urefu unaozidi kilomita moja. Wao hawakuuza, walipangisha, na hadi leo manispaa ina nyumba zipatazo 220,000.

Uingereza nao walijenga sana, kisha sheria ya mwaka 1980 ikawapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa. Simlaumu aliyenunua, hata mimi ningenunua. Kilichoniudhi ni kwamba halmashauri zilizuiwa kutumia sehemu kubwa ya fedha hizo kujenga nyingine. Scotland ilifuta haki hiyo mwaka 2016, Wales mwaka 2019.

Mumeo akitaka silaha, mpe Pruitt-Igoe ya mji wa St. Louis, Marekani. Majengo 33 ya ghorofa 11, yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1950. Ili kuokoa gharama, lifti zilisimama kila baada ya ghorofa mbili, kwa hiyo mama mwenye mtoto mgongoni alishuka mbali na mlango wake akamalizia kwa ngazi. Matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji. Wapangaji walipopungua, fedha nazo zikapungua, lifti zikafa, waliobaki wakazidi kuhama. Ubomoaji ulianza mwaka 1972. Serikali ilipata fedha za kujenga, lakini za kutunza iliwaachia maskini wenyewe.

Sasa, usubiri? Usivunje mipango yako kwa ahadi ya jukwaani. Mradi ukitangazwa, nenda na maswali. Ardhi imeshapatikana, au bado wako mahakamani? Rejesho la mwezi litazidi theluthi ya mshahara wako? Likizidi, nyumba hiyo si yako, liitwe jina lolote. Nani atalipia lifti na pampu ya maji? Na mnunuzi wa kwanza anaweza kuiuza kesho yake kwa bei ya soko? Singapore humlazimisha aishi humo angalau miaka mitano kwanza. Pasipokuwa na sharti kama hilo, kodi ambazo wote tunailipa serikali zinamtajirisha aliyewahi foleni, na wewe unarudi kwa mwenye nyumba wako.

SWALI: Mzee, kwa nini serikali isipige tu marufuku kupandisha kodi za nyumba?
*Msomaji*

JIBU: Inaweza, na humlinda aliye ndani. Anayetafuta nyumba leo haimsaidii, na wenye nyumba wengi huacha kukarabati. Vienna walizuia kodi kupanda tangu vita vya kwanza vya dunia. Wajenzi binafsi wakakosa hamu na bei ya viwanja ikashuka, ndipo manispaa ikavinunua kwa bei rahisi na kujenga. Ukizuia bila kujenga, utapanga foleni ndefu zaidi.