"Damu yako ni safi": kauli ninayowasihi muiache

Wadogo zangu mlioanza kazi katika kliniki zetu za Lamu, juzi nilimsikia mmoja wenu akimpongeza mama mwenye virusi vya UKIMWI aliyepata LDL, yaani virusi vichache mno hata kipimo hakivioni, kwa kumwambia kwamba damu yake sasa ni safi, nami nikajisikia mwenyewe nilivyokuwa zamani.

1. Msiseme damu ni safi. Nilimwambia hivyo mvuvi mmoja, kijana mtaratibu asiyewahi kukosa tarehe yake, siku alipokuja kuaga kwenda dago, kambi ya wavuvi. Akaliacha kopo la dawa nyumbani, kwa kuwa aliyekwisha kutakata ataoga tena ya nini? Alirudi baada ya miezi miwili, amenawiri, ameniletea ng'onda. Nilipompima, nakala za virusi zilikuwa maelfu kwa maelfu. Nikamfokea mbele ya karani, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Lakini ni wewe uliyeniambia, dada." Ng'onda ile sikuweza kuila.

2. Fahamuni kipimo kinahesabu nini. Kinahesabu virusi vilivyomo katika maji ya damu, wala si vile vilivyojichimbia ndani ya vinasaba vya seli za CD4, askari wa kinga ya mwili, zilizotulia, ambavyo dawa haivigusi kwa sababu yenyewe huzuia kuzaliana tu. Dawa ikikatwa, kwa watu wengi virusi huonekana tena katika wiki mbili hadi nne, na mwenyewe huenda asihisi lolote. Yule mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa na virusi akaanzishiwa dawa akiwa na umri wa saa 30, alikaa miezi 27 bila dawa na virusi havionekani, watu wakaanza kusema amepona. Mwaka 2014 vikarudi. Nanyi mnamtakasa mvuvi wa Kizingitini kwa karatasi moja!

3. Anayesafiri aulizwe atarudi lini, apewe dawa za kumfikisha na akiba juu yake.

4. Mwenye homa ya ini ya B aonywe zaidi, kwani TLD, kidonge chetu cha virusi vya UKIMWI, humzuilia virusi vyote viwili, na akiiacha ini linaweza kuvimba vibaya.

5. Anayerudi asifokewe. Mvuvi wangu alianza tena TLD, na baada ya miezi kadhaa akapata LDL. Safari hii nilimwambia kwamba virusi vimelala, havijaondoka. Akaniuliza: "Vimelala wapi?" Nikachukua karatasi nikamchorea seli, na ndani yake nukta nyeusi, tukabaki tunaulizana na kujibizana mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kugonga mlango.