Kabla hujakodi spika, bisha hodi: tulivyoanzisha jioni ya muziki na sanaa mtaani kwetu Tabora

Nianze kwa kusema ukweli, mimi ni fundi cherehani, muziki siujui kuupiga naujua kuusikiliza tu, ili mtu asije akadhani anasoma maneno ya mtaalamu. Nakaa Ng'ambo hapa Tabora, nyumba ina uwanja mzuri mbele na mwembe mkubwa, na kila siku jioni nilikuwa nauangalia ule uwanja nasema jamani hapa si pangefaa kwa kitu, watu wakae wasikilize muziki wa kupigwa na mikono, watoto wachore, wamama wauze vitu vyao, tuonane kama majirani, maana ilikuwa imefika mahali tunakutana msibani tu na kwenye foleni ya maji.

Basi mwaka juzi nikajilipua. Nikakodi spika mbili zile kubwa za kusimama, mixer, maiki nne na kijana wa kuziendesha, sh 80,000. Viti 100 vya plastiki sh 300 kimoja, turubai sh 25,000. Jumla 135,000, hela ya sare za harusi niliyoshonea wiki mbili bila kulala. Watu waliokuja walikuwa 19, na kati ya hao 7 ni wapangaji wenzangu ambao hata wangetaka kutokuja wasingeweza, wanakaa humo humo. Viti 81 vikakaa vinaniangalia. Na kelele sasa! Vijana wa magitaa wanapiga, yule kijana wa spika akafungulia besi mpaka mabati ya jirani yakawa yanalia, adhana ya isha ikatupita juu kwa juu hatukuisikia, na saa 3 kasoro hivi mwenyekiti wa mtaa akaja mwenyewe, amevaa kandambili na koti juu ya shati la kulalia, hakufoka wala nini, akasema tu, "Mama, zima. Nyumba ya pili hapo kuna mgonjwa." Nikazima. Aisee ile aibu ya kukunja viti 100 usiku huku watu wanachungulia madirishani usiombe.

Asubuhi yake mume wangu akaniambia nenda kaombe radhi nyumba kwa nyumba, usisubiri wakusengenye. Nikanuna, ila nikaenda. Na hapo ndo somo lote la hii makala lilipo, mengine yote nitakayoandika huko chini ni mapambo.

Nyumba ya mgonjwa nilipokelewa vizuri kuliko nilivyostahili, bibi mwenye nyumba akaniambia shida siyo muziki, shida ni hamkusema, mngesema tungemhamishia chumba cha nyuma. Nyumba ya tatu nikakuta mama wa makamo anayeimba kwenye shughuli za harusi, miaka yote namshonea magauni na sikujua kama ana sauti. Nyumba ya tano, nimeshachoka kusema samahani, nikamkuta mzee mmoja kakaa kibarazani anamenya karanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikaanza hotuba yangu ya radhi, akanikatisha, "Wale vijana wako jana, gitaa lao la solo halikuwa limetuniwa." Nikabaki mdomo wazi. Kumbe mzee amepiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi enzi zake, na gitaa analo, lipo ukutani kwenye mfuko wa salfeti. Akaingia ndani akalitoa. Gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, bao limepasuka pembeni limegundishwa, na waya mmoja wapo siyo waya wa gitaa, ni uzi mmoja aliouchomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Akalipiga pale pale kibarazani, pole pole, kidole gumba kinatembea chini vingine vinacheka juu, na watoto watatu waliokuwa wanacheza gololi wakaacha wakasogea. Hao watatu walikuja wenyewe bila tangazo, bila spika na bila turubai.

Kwa hiyo ukitaka kuanzisha kitu kama hiki mtaani kwako usianze kutafuta bendi na usianze kutafuta vifaa. Bisha hodi. Nyumba zote zilizo karibu, hata ile ya mtu mnayenuniana. Mi sa hivi nikimshauri mtu namwambia ukifika uliza mambo matatu tu: humu kuna mgonjwa au mtoto mchanga, mnalala saa ngapi, na nani humu anajua kupiga au kuimba au kuchora au kutunga chochote. Hilo la tatu watu wanaanza kwa kucheka na kukataa, alafu ukiwa unatoka getini ndo mtu anakuita, "Ee mama, ila baba yake mdogo huyu anapiga zeze." Subiri getini, usiondoke haraka.

Na Tabora hapa hodi zinalipa zaidi maana huu mji una historia. Bendi ya Kiko Kids ya kina Salum Zahoro ilitokea hapa miaka ya 1950, ikaja Tabora Jazz, ikaja Nyanyembe Jazz, santuri na rekodi za redio zikabeba jina la mji wetu nchi nzima. Reli ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, na hiyo reli haikubeba mizigo tu, ilibeba na wanamuziki, marehemu Shem Karenga aliyevuma na Tabora Jazz alianzia muziki huko Kigoma. Sasa bendi zikifa wapigaji hawafi siku hiyo hiyo, wanarudi mtaani wanakuwa mafundi baiskeli, walinzi, wakulima wa tumbaku, wanazeeka na gitaa lipo ukutani. Wapo wachache mno siku hizi, kwa hiyo kama mtaani kwako yupo mmoja nenda wiki hii.

Haya, muda. Huu ndo ulituua mara ya kwanza. Mtaa wetu Waislamu ni wengi na Wakristo wapo, ratiba ambayo haijui adhana haiwezi kudumu. Jua la Tabora linachelewa kuzama kuliko la Dar, magharibi inaingia kama saa 1 kasoro, isha mnamo saa 2 hivi. Tunaanza saa 10 na nusu na watoto na wachoraji, muziki saa 11, ikikaribia magharibi tunanyamaza kabisa, watu wanakwenda kuswali, wengine wanakunywa kahawa, tunarudi mpaka isha, baada ya isha tunamalizia na vitu vya taratibu hadi saa 3, basi. Ile kimya ya magharibi mwanzoni niliiona inakata stimu ila sasa ndo sehemu naipenda kuliko zote, moshi wa jiko la kahawa, watu wanaongea chini chini, mtu anajaribu jaribu nyuzi. Mwezi wa Ramadhani hatufanyi. Jumapili nayo tumeiacha kwa sababu ya kwaya, nusu ya waimbaji wetu wazuri wanatoka huko. Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mara moja tu, mtu akikwambia fanya kila wiki mwambie aje apange viti yeye.

Sauti: spika tunayo moja, ndogo, ya maiki ya muimbaji tu. Tumba na manyanga havihitaji umeme, gitaa kavu watu wakisogea linasikika, na ndo maana ya kusogea. Hiyo spika iweke igeukie ukuta wa nyumba yako siyo barabara, na usiiweke chini kwenye sakafu ya saruji maana itavuma, weka juu ya kigoda. Umeme ukikatika, na utakatika, nobody... yaani hamna hata anayeguna, chemli ipo, tunaendelea.

Sanaa ya kuchora ilikuja kwa bahati. Kuna kijana anachora mabango ya maduka, saluni na vinyozi, zile picha za kichwa chenye mstari pembeni unazijua. Nikamwomba aje achore watu wakiwa wanaona. Akaja na rangi za mafuta zilizobaki kwenye makopo ya kazi za watu, bluu ya duka la dawa, nyekundu ya buchani, na kipande cha hadibodi. Akamchora yule mzee wa ridhimu, lakini rangi ya kahawia ilikuwa imemwishia kwa hiyo mzee akatoka na uso wa bluu bluu hivi kama jioni imeingia. Watu wakacheka alafu wakanyamaza. Tukaipiga mnada palepale, ikaanzia 2,000, ikaishia 17,000, aliyenunua ni muuza nyama, ipo buchani kwake mpaka leo imerushiwa rushiwa mafuta. Toka siku hiyo kila mwezi kuna mnada wa kitu kimoja, kimoja tu, ukiweka vitano watu wanaona ni gulio. Watoto tunawapa chaki na sakafu ya baraza, inasafishwa na mvua au na mimi.

Hela sasa. Kiingilio hatutozi na sikushauri. Ukitoza, kwanza jirani anaacha kuwa jirani anakuwa mteja, anaanza kudai, pili unaingia kwenye burudani ya biashara na vibali vyake. Tunachofanya, anayeuza chochote siku hiyo, karanga, kashata, matobolwa (vile viazi vitamu vya kuchemsha vikakaushwa), chapati, anatoa 1,000 ya usafi. Na tuna beseni. Mnajua watu wetu wakifurahi lazima watunze, mtu anacheza kwenda mbele anambandika muimbaji noti ya 1,000 kwenye paji la uso. Mwezi wa pili tu toka tuanze hiyo ikaleta ugomvi, muimbaji akaondoka na 23,000 na mpiga tumba aliyetoka jasho saa mbili nzima kapata mia tano. Ikabidi tukae. Makubaliano: tuza utakavyo, cheza nayo, zungusha, lakini noti inaishia kwenye beseni la bati lililo chini ya mwembe, na mwisho tunahesabu mbele ya watu tunagawa sawa kwa kila aliyepanda kupiga au kuimba. Muimbaji mmoja alisusa akaenda zake. Mzuri kweli yule dada, bado namkumbuka, ila sijutii.

Vibali usipuuze eti kwa sababu ni kwako. Mi nilianza na mwenyekiti wa mtaa, yule yule wa kandambili, akanipeleka kwa mtendaji, tukaandika barua yenye tarehe na saa ya kumaliza, nakala kituo cha polisi. Ofisa utamaduni wa manispaa nenda umwone hata kama hutozi watu, ndiye atakayekueleza lini unahitaji kwenda BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na lini huhitaji. Kelele nazo zina kanuni zake toka 2015 chini ya sheria ya mazingira, kwa hiyo jirani akilalamika ana pa kushikia, siyo roho mbaya. Barua yangu niliipigia laminesheni nimeining'iniza kwenye mwembe.

Pombe hapana. Siyo kwa ulokole, ni kwamba tulijaribu mara moja na wanawake wakaondoka saa 1, wakiondoka wanawake imeisha. Choo kiwe wazi, kina taa na maji, hili halijadiliwi. Viti, waambie waje navyo, mi ninavyo 12 vyangu nimeviandika kwa rangi chini ya kikalio na bado viwili vimepotea.

Kitu ambacho sijakiweza mpaka leo ni vijana wa singeli, ule muziki wa mbio mbio. Wanakuja na biti kwenye simu wanataka waichomeke kwenye ile spika moja, na wazee wanakunja uso. Nikaweka sharti kwamba lazima kuwe na angalau chombo kimoja kinachopigwa, wakaleta dumu la lita 20 na fimbo mbili, wakaligeuza tumba, na kwa ile spidi yao hata yule mzee alikuwa anagonga mguu huku kajifanya anaangalia pembeni. Lakini wanazidisha muda, matusi yanateleza, na nikiwakatiza wananiita mama mnoko. Tunaendelea kuvutana.

Sasa hivi kinachonisumbua ni mvua. Kiangazi chote mwembe umetubeba, ila Novemba mvua zikianza na maembe nayo yanaiva, mwaka jana embe lilimdondokea mpiga tumba katikati ya wimbo, akaendelea kupiga na mkono mmoja analila. Mwaka huu tunahamia barazani, na baraza yangu inaingia watu 25 ukiwabana kweli kweli, wakati mwezi uliopita tulikuwa zaidi ya 60. Ugomvi wa nani akae barazani na nani abaki nje na mwavuli umeshaanza, bibi wa nyumba ya pili ameshatuma mjukuu wake kuja kuweka kigoda chake kabisa mapema. Mwenyekiti ameombwa aje Alhamisi atoe uamuzi. Amekubali, ila amesema kwanza kabisa na yeye aandikiwe nafasi mbili, yake na ya mkewe.