Wimbo mmoja, kwa mtu mmoja, na sababu yake

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: kumtumia mwenzako kila siku wimbo mmoja unaoupenda kuna maana gani, au ni mchezo tu wa simu? Mimi nasema kuna maana kubwa, lakini kwa masharti. Uwe wimbo mmoja, umwendee mtu unayemjua, na uende na sababu yake. Sababu ikikosekana, umemwongezea mwenzako kelele, na kelele anazo za kutosha.

Mimi na mdogo wangu wa kiume tunatumiana nyimbo kwa zamu, leo mimi kesho yeye, tangu tulipoacha kuishi nyumba moja. Kanuni yetu isiyovunjwa ni kwamba linki haiji yenyewe. Ije na sentensi mbili tatu, au ujumbe wa sauti, kueleza kwa nini wimbo huu na kwa nini leo. Majuzi aliniandikia: "Dada, maneno yaache kwanza. Ngoja kiitikio cha pili kiishe, halafu sikiliza besi inavyonyamaza. Ngoma zinabaki zenyewe kidogo, kisha inarudi. Hapo ndipo ninapoupendea."

Wimbo wenyewe nilikuwa naujua miaka nenda miaka rudi, nimeucheza kwenye sherehe, nimeusikia kwenye magari, na sikuwa na habari kwamba kuna mahali besi inanyamaza. Nikavaa hedifoni, nikarudia pale tena na tena. Kimya chenyewe ni kifupi mno, lakini mwili unakijua: unashtukia umeinua mabega unangoja. Na besi haikungojei ufike. Inaingia kabla kidogo ya pale ulipoitarajia, na mwimbaji anavuta pumzi wakati huohuo, unamsikia kabisa, ndipo ubeti wa tatu unaanza. Wimbo nilikuwa nao siku zote. Alichonipa mdogo wangu siku ile ni sikio lake.

Watu wa redio walilitambua hili zamani. Januari 1942, vita ikiwa imepamba moto, BBC ya Uingereza ilianza kurusha kipindi kiitwacho Desert Island Discs, kilichobuniwa na Roy Plomley. Mgeni anaambiwa ajifikirie yuko peke yake kwenye kisiwa kisichokaliwa na mtu, achague rekodi nane za kuwa nazo huko, na aseme kwa nini. Kipindi hicho kipo mpaka leo. Wamepita humo wanasiasa, wanasayansi, waigizaji na wanamichezo, na nyimbo zao kwa kawaida hupigwa kipande tu. Kinachowashika wasikilizaji ni yale maelezo. Mtu mzima ukimuuliza ana kwa ana habari za utoto wake atakujibu kwa kujihadhari. Muulize wimbo huu aliusikia wapi mara ya kwanza, na kabla hajajua tayari ameshakusimulia habari za nyumba aliyokulia, nani alikuwa na redio, na nani alikatazwa kuigusa.

Kuna utafiti ninaoukumbuka kila ninapoambiwa kwamba mazungumzo ya muziki ni porojo. Wanasaikolojia Peter Rentfrow na Samuel Gosling walichapisha mwaka 2006 matokeo ya vijana wasiojuana, waliopewa wiki sita wazungumze kwa intaneti ili wafahamiane. Waliachiwa wazungumze lolote. Muziki ndio uliotajwa kuliko mada nyingine, hasa wiki za mwanzo. Mimi sishangai. Ukimwambia mtu usiyemjua nyimbo zako umemwonyesha jambo la ndani, na bado hujavuliwa nguo mbele za watu. Anaweza kukusogelea kwa hatua anayoitaka mwenyewe.

Lakini msidhani haya ni mambo ya vijana, wala ya watu wasiojuana. Wenye hazina kubwa ni wazee, nao ndio hatuwaulizi. Baba yetu hapendi kujieleza. Tulipomwomba naye awe anatuchagulia wimbo, alisema hana wimbo. Baada ya siku chache akatuma jina la wimbo wa bendi ya ujana wake, na ujumbe wa sauti mrefu kuliko maneno yote aliyowahi kutuambia kuhusu umri ule. Enzi hizo hakuwa na kiingilio. Bendi ilipokuwa ikipiga, yeye alikuwa anasimama nje, nyuma ya ukumbi, mgongo ameuegemeza ukutani. Ukuta huzuia sauti nyembamba, sauti nzito hupenya. Kwa hiyo maneno hayakumfikia, wala magitaa ya juu. Alichopata ni besi na ngoma kubwa, na hizo alizisikia mgongoni kama alivyozisikia masikioni. Nyimbo zote za bendi ile alizijua hivyo, kutokea chini. Maneno akajitungia mwenyewe. Miaka mingi baadaye alipopata kaseti, akasikia maneno halisi kwa mara ya kwanza, anasema yake yalikuwa mazuri zaidi.

Tulipokuwa wadogo alikuwa na tabia ya kuvumisha sauti nzito akiwa kazini, du-du-dum, du-dum, na sisi tuliamini kwamba baba hajui kuimba. Kumbe alikuwa anaimba besi.

Wanaochunguza kumbukumbu wanaeleza kwamba watu wazima hukumbuka mambo ya kati ya umri wa miaka 10 hivi na 30 kuliko ya vipindi vingine vya maisha, na nyimbo za umri huo hung'ang'ania zaidi. Ndiyo maana mzee akitajiwa wimbo wa siku zile hujibu na mwaka, na nani alikuwa amevaa nini. Ni saa ya kumuuliza mengine, maana mlango umeshafunguka.

Sasa niseme juu ya mashine, maana najua kuna watakaoandika kwamba programu za muziki zinatuchagulia vizuri tu, mwenzako wa nini. Mwaka 2022 Apple ilitangaza kwamba huduma yake ya muziki imefikisha nyimbo milioni 100. Hata ukisikiliza usiku na mchana mpaka unazeeka, hutamaliza. Lazima mtu au kitu kikuchagulie, na programu inafanya kazi hiyo kwa kuangalia uliyokwisha kusikiliza na wanayosikiliza wanaofanana nawe. Mimi nazitumia na nimepata humo nyimbo nzuri. Lakini programu haikutumii wimbo kwa sababu jana ulikuwa na mahojiano ya kazi na hukupiga simu jioni. Haijui kwamba unauchukia mlio wa saksafoni kwa sababu ya jirani aliyekuwa akijifunza usiku. Wala haioni haya. Anayekutumia wimbo anaoupenda kweli anajiweka mahali pa kukataliwa, na wewe unalijua hilo unapobonyeza kusikiliza. Unasikiliza kwa heshima ambayo hukuwa nayo kwa ule uliokuja wenyewe.

Kusikiliza pamoja ndiko kulikokuwa kwa asili. Kabla ya Thomas Edison kutengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, ukiacha visanduku vya muziki vya kujipiga vyenyewe, hapakuwa na namna ya kuusikia wimbo bila kuwepo mtu wa kuuimba au kuupiga, awe mwingine au wewe mwenyewe. Karibu kila wimbo ulikuwa na uso. Tangu hapo tumekuwa tukijitenga kidogo kidogo: gramafoni ya sebuleni, redio ya chumbani, mpaka kifaa cha mfukoni. Na hata kwenye kifaa cha mfukoni kuna waliosita. Walkman ya kwanza ya Sony, iliyoingia sokoni mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize kaseti moja, na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho ukikibonyeza muziki unashuka na kipaza sauti kidogo kinakuletea maneno ya mwenzako. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, aliona si adabu mtu kujifungia peke yake kwenye muziki mbele ya wengine. Watu wakazoea, na baadaye tundu likabaki moja. Ninapomtumia mdogo wangu wimbo, najiona nalirudisha lile tundu la pili.

Mtauliza, kila siku? Kwa nini isiwe mara moja moja, siku maalumu? Kwa sababu siku maalumu zina nyimbo zake tayari, na zote ni za shangwe. Ukingoja sikukuu, mwenzako hatajua unasikiliza nini Jumanne isiyo na habari. Nami naamini urafiki na udugu hukaa kwenye hizo Jumanne. Ninyi wawili mkiishi mbali, mazungumzo huwa ya taarifa: nani anaumwa, nani amehama, hela imefika. Taarifa zikiisha, kimya kinaanza, na kimya kikizoeleka kinakuwa kigumu kukivunja. Wimbo hauhitaji taarifa. Siku moja mdogo wangu alituma wimbo wa ala tupu, wa kinanda, taratibu mno, na sababu akaandika "leo sina". Nikajua nipige simu. Tusingekuwa na zamu, ningejuaje kwamba kukosa sababu kwake ni habari?

Kuhusu wanaosema hawana muda, sitakaa sana. Wimbo mwingi ni dakika tatu, nne. Urefu huo nao una historia yake: santuri za zamani za inchi 10, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu kila upande, watunzi wakazoea kumaliza hadithi ndani ya nafasi hiyo, na mazoea yakabaki hata santuri zile zilipoondoka. Muda wa kusikiliza tunao wote. Unaochukua muda ni uchaguzi, na huo muda si wa kuujutia: ukijua kwamba kesho ni zamu yako, unasikiliza leo nzima kwa makini zaidi, ukimfikiria mtu.

Nizungumzie na wimbo usioupenda, maana hapo ndipo wengi huachia njiani. Mwenzako ametuma, umesikiliza, hujaona kitu. Usiseme uongo kwamba ni mzuri, atajua. Wala usihukumu siku hiyohiyo. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kitu tunachokutana nacho mara kwa mara huanza kutupendeza kwa sababu tu tumekizoea. Wimbo una zaidi ya hapo. Watafiti wa Montreal walipima ubongo wa watu wakisikiliza muziki unaowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, hutoka mara mbili: kilele cha wimbo kinapofika, na kabla yake, wakati msikilizaji anakingoja. Sasa utakingojaje usichokijua kinakuja? Kusikiliza mara ya kwanza ni kuijua njia tu. Mimi huusikiliza wimbo wa mdogo wangu mara tatu kabla ya kujibu, na jibu langu huwa sentensi moja kuhusu kitu nilichokisikia: pumzi, kosa dogo la mpiga ngoma waliloliacha, neno lililovutwa. Hilo linamtosha. Hakuomba nikubaliane naye.

Jambo moja nalionya. Mtu aliye kwenye msiba au huzuni nzito usimtumie wimbo wa majonzi ukidhani unamliwaza. Muulize kwanza. Wimbo humwingia mtu bila kubisha hodi, na hajapata nafasi ya kujiandaa.

Na la mwisho, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Watu wenye ugonjwa wa Alzheimer hupoteza majina ya watoto wao, lakini wengi bado huzitambua nyimbo walizozipenda, na wengine huimba beti nzima. Wauguzi wanalijua hili na hutumia muziki kuwatuliza. Tatizo ni kwamba muziki wowote hautoshi. Unatakiwa ule wa mtu mwenyewe, na wakati anapouhitaji ameshashindwa kuutaja. Anayemhudumia anabaki kubahatisha kwa nyimbo za zamani zilizovuma, ambazo huenda mgonjwa hakuzipenda kamwe. Wenye kujua ni wale waliowahi kutumiwa wimbo na mtu huyo akiwa mzima, wakaambiwa na sababu. Kwa hiyo wasomaji wenzangu, wenye wazazi na shangazi na wajomba, waombeni wimbo wa leo, na wa kesho, na mziweke kumbukumbu vizuri. Mimi na mdogo wangu za baba tunaziandika kwenye daftari: jina la wimbo, aliyeuimba, aliusikia akiwa wapi, na kama ni maneno anayoyapenda au besi.