Mauzo yakisoma sifuri, piga simu dukani kwanza

Mdogo wangu wa Kisumu, umeuliza mhandisi mwandamizi wa data za bei anafanya nini ambacho wewe, na miaka yako miwili ya kuandaa ripoti kwa muuzaji wa jumla, hufanyi. Umeuliza pia kama ujifunze akili bandia kabla ya kuomba kazi hiyo. Nimeifanya kazi hii miaka tisa, makao yangu Nakuru, kwa maduka ya rejareja yenye matawi hadi huko kwenu. Akili bandia itasubiri.

Sikiliza kisa cha sukari. Mwaka 2023 viwanda vya magharibi vilisimamishwa kusaga kwa sababu miwa iliyobaki shambani ilikuwa changa. Bei ikapanda, pakiti zikaadimika. Wakati huo nilikuwa natafuta unyumbufu wa mahitaji: bei ikiongezeka kwa asilimia moja, wateja wanapunguza ununuzi kwa asilimia ngapi? Nikachukua mauzo ya kila siku ya kila tawi, nikayaweka kando ya bei, na hesabu ikatoka safi kabisa. Sukari ikipanda kidogo tu, wateja wanahama. Nikawashauri wakubwa tukate faida ili tuwarudishe.

Meneja wa tawi moja la Kisumu akanipigia simu. "Dada, wateja hawajaenda popote. Wako foleni tangu saa mbili, ikifika saa nne sukari imeisha. Niletee sukari, bei wataivumilia."

Nilikuwa nimehesabu rafu tupu kama mteja aliyekataa kununua. Bei kupanda na mauzo kushuka walikuwa watoto wa mama mmoja, naye ni uhaba; mimi nikadhani mmoja amemzaa mwenzake. Kama ule ushauri ungefuatwa, tungepoteza pesa kwenye kila pakiti tuliyobahatika kupata, na wala foleni isingepungua.

Tangu siku hiyo sihesabu unyumbufu wa chochote kabla ya kujua bidhaa ilikuwepo dukani kwa muda gani kati ya saa za kazi. Usiamini rekodi ya stoo peke yake. Mfumo unaweza kukuambia kuna pakiti 12 kumbe zimepasuka, au hazijatolewa nyuma. Angalia saa ya kila risiti. Bidhaa inayouzwa kila baada ya dakika chache, kisha kimya kuanzia saa nne hadi kufunga, imeisha. Siku hiyo iweke kando, usiiite siku ya mauzo duni. Kuna watu wamesoma hesabu kunizidi mbali, lakini hawajawahi kusimama kwenye rafu siku ya mwisho wa mwezi, na inaonekana kwenye kazi yao.

Jambo la pili ni historia ya bei. Mifumo mingi ya dukani huhifadhi bei ya leo tu. Ikibadilishwa, ya jana imefutika. Jenga jedwali ambalo kila bei ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa kila tawi, na ofa zikiwa na alama yake. Kodi nayo ihifadhiwe hivyo hivyo. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020, ikarudi 16 Januari 2021. Ukigawanya mauzo ya miaka yote kwa 1.16 ili kuondoa kodi, faida ya miezi ile itakuwa ya uongo na hakuna atakayegundua.

Na hapo kwenye kodi ndipo ninapoona watu wakiumia zaidi. Sabuni ya shilingi 116 ina shilingi 16 za serikali. Kama uliinunua kwa 80 bila kodi, faida yako ni 20 katika 100, yaani asilimia 20. Nimekuta ripoti iliyotoa 80 kwenye 116 ikatangaza asilimia 31, yaani 36 katika 116. Unga wa mahindi hautozwi hiyo 16, kwa hiyo ukivipanga viwili hivyo kwenye dashibodi moja, sabuni itang'aa bila sababu na mkubwa ataipa rafu ya unga.

Bei za washindani ni kazi ya kawaida, utaizoea. Ila usifuatilie supamaketi peke yake: mteja wa Kondele analinganisha bei yako na ya soko la Kibuye, ambako atapimiwa mafuta ya kupikia kwa kiasi cha pesa aliyo nayo. Badilisha kila kitu kiwe bei ya lita au ya kilo kabla ya kulinganisha.

Kwa sasa, omba ruhusa ya kutumia data za huko uliko. Chagua bidhaa kumi, tafuta kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, siku ambazo mauzo yalikatika ghafla, kisha nenda na orodha hiyo kwa mtunza stoo umuulize kilichotokea kila siku. Majibu yake yaandike kwenye safu mpya. Kazi hiyo ndiyo ningependa kuiona kama ningekuwa nakuhoji. Ukikwama kwenye tarehe za bei, andika hapa hapa, nitakujibu.