McDavid kukosa kombe si uzembe: niliyoyaona hapa Edmonton

Mkuu aliyefungua uzi ameuliza, nafupisha: timu ya hoki ya barafuni ya hapa Edmonton, Kanada, yaani Edmonton Oilers, wana Connor McDavid tangu 2015, dunia nzima inakubali hakuna anayemfikia, mpaka fainali ya 2025 inaisha hajagusa Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada. Fainali mbili mfululizo kapigwa na timu ileile, Florida Panthers. "Huo kama si uzembe ni nini?" Akamalizia kwamba Messi angepewa timu kama ile angeshabeba matano.

Hajaligusa kweli, mkuu, tena kwa maana yenyewe. Wachezaji wa hoki wana mwiko: kombe lile huligusi mpaka ulishinde. Linaweza kupitishwa mbele yako, ukaliangalia tu kama chungu cha mganga.

Mimi ni mtu wa Tanga, Edmonton nina miaka 14, naendesha lori la kusambaza mizigo ya madukani. Hoki ya barafuni nimeikuta ukubwani. Mwanangu alipoanza nilikuwa nasimama nyuma ya kioo na kikombe cha kahawa, natetemeka, nasubiri waishe turudi nyumbani. Majira mawili ya baridi yalipopita hivyo nikanunua viatu vya barafu vya mtumba, nikiwa na miaka 34. Siku ya kwanza nilishika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea, na watoto wa miaka mitano wananipita wakiteleza kinyumenyume. Sasa hivi nacheza ligi ya wazee, Jumanne saa tano kasorobo usiku, maana saa nzuri zote wanapewa watoto. Kwa hiyo naongea kama shabiki, na kidogo kama mtu aliyechubuka.

Nianze na pumzi, kwa sababu watu wa mpira wa miguu hapo ndipo wanapopotea. Kwenye hoki mchezaji akiingia uwanjani anacheza zamu ya sekunde 45 hivi, kisha anaruka ubao anakaa benchi, mwingine anaingia, na mchezo hausimami. Mara ya kwanza nikasema sekunde 45 ni kitu gani, mimi nimecheza dakika 90 Tanga kwenye jua la saa tisa. Nikaingia. Sekunde ya 20 mapaja yanawaka moto. Sekunde ya 35 sioni tena wenzangu, naona mlango wa benchi tu. Nikabaki ndani zaidi ya dakika kwa ushamba wa kutojua kutoka, na niliporudi benchi mzee mmoja wa miaka 60 akanisogezea ndoo bila kusema neno. McDavid anafanya hivyo zaidi ya mara 20 kwa mechi, kwa kasi ambayo mimi nikiipata kwa bahati mbaya natafuta kitu cha kushika.

Sasa zidisha. Msimu wa kawaida miaka hiyo ulikuwa mechi 82, kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Timu ziko 32, zinaingia 16 kwenye mtoano. Mtoano una raundi nne, na kila raundi unacheza na timu ileile mpaka mmoja ashinde mara nne, yaani mechi zinaweza kufika saba. Unahitaji ushindi 16 kubeba kombe. Mkuu, fikiria Simba na Yanga wakutane mara saba ndani ya wiki mbili, kila baada ya siku moja, kila mtu anamjua mwenzake mpaka anavyokohoa, chuki inapanda kila mechi. Anayetoka hai anaambiwa hongera, hiyo ilikuwa raundi ya kwanza, bado tatu.

Mwaka 2024 Oilers walicheza mechi 25 za mtoano. Jumlisha na zile 82, ni 107. Ya mwisho ilikuwa tarehe 24 Juni, huko Sunrise, Florida, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapa. Na safari hiyo ya ndege walikuwa wanaipiga kwenda na kurudi fainali nzima.

Majeraha ndiyo habari yenyewe, ila hutayasikia kwa wakati wake. Wakati wa mtoano timu zinaficha. Ukiuliza fulani ana nini unajibiwa "ameumia sehemu ya juu ya mwili" au "sehemu ya chini", basi, kana kwamba binadamu ana vipande viwili. Ukweli unatoka timu ikishatolewa au ikishabeba. Fainali ya 2013, Patrice Bergeron wa Boston alicheza mechi ya sita akiwa na ubavu uliovunjika, gegedu limechanika na bega limeachia. Baadaye ikajulikana na pafu lilikuwa limetoboka. Mwaka 2023 Matthew Tkachuk wa Florida alivunjika mfupa wa kifua kwenye mechi ya tatu ya fainali. Mechi ya nne akacheza, hata kuvaa akisaidiwa. Na bado hakubeba mwaka ule, Vegas waliwafunga mechi nne kwa moja.

Nilikuwa nasoma hizo habari naona kama chumvi. Msimu wa juzi nikajitia kuzuia shuti kwa mguu. Ligi ya wazee, mpigaji ni fundi bomba mwenye kitambi. Paki, kile kidude cheusi kama kopo la kiwi, ni mpira mgumu wa gramu 170 hivi, na kwenye ligi kubwa wanakigandisha kabla ya mechi kisidunde. Kilinipata juu kidogo ya kifundo, pale kinga inapoishia. Mguu ukavimba mpaka kiatu kikakatwa kamba ndio kikatoka. Siku tisa sikuweza kukanyaga klachi. Fundi bomba yule akija kwangu kurekebisha sinki mpaka leo anauliza mguu unaendeleaje, huku anacheka. Shuti la ligi kubwa linaweza kupita kilomita 150 kwa saa, na Zdeno Chara aliwahi kupimwa kwenye mashindano ya mashuti akafika 175. Kwenye mtoano wanaume wanalala chini makusudi mbele ya vitu hivyo. Mechi baada ya mechi, miezi miwili.

Lakini hata ukiwa mzima na una vipaji, kuna jambo ambalo mashabiki wa mpira wa miguu hawalipendi: ligi hii imetengenezwa ili mkubwa asimle mdogo. Kuna kikomo cha mishahara. Msimu wa 2024/25 kila timu iliruhusiwa dola milioni 88 kwa wachezaji wake wote, basi. Tajiri hawezi kufungua pochi la hela akasajili kikosi kizima kama tunavyoona Ulaya. Ukimlipa McDavid anachostahili, umebaki na chenji ya kununulia mabeki. Hapa Edmonton watu wanalalamika pia kwamba jimbo la Florida halina kodi yake ya mapato, kwa hiyo mchezaji akikubali mshahara mdogo kule anabaki na kingi mfukoni. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila naona inatumika sana kama kisingizio. Florida hawakutufunga kwa kodi.

Matokeo yake tofauti kati ya timu bora na timu ya kumi ni nyembamba. Tampa Bay 2018/19 walishinda mechi 62 kati ya 82, wakawa wa kwanza ligi nzima. Raundi ya kwanza wakakutana na Columbus, timu ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa haijawahi kushinda raundi hata moja kwenye historia yake. Wakapigwa mechi nne bila. Kikosi karibu kilekile kikabeba 2020 na 2021. Boston 2022/23 ndio wakavunja rekodi kabisa, ushindi 65, pointi 135. Raundi ya kwanza wanaongoza mechi tatu kwa moja dhidi ya Florida walioingia mtoano kwa kuchechemea. Mechi ya saba, nyumbani kwao, wanaongoza 3-2, imebaki kama dakika moja. Florida wakasawazisha, dakika za nyongeza wakamaliza. Mwaka huohuo wa 2019 Tampa walipoanguka, walionyanyua kombe ni St. Louis Blues, ambao mwanzoni mwa Januari walikuwa mkiani mwa ligi nzima. Walimpandisha kipa kijana, Jordan Binnington, akashika moto, wakaenda naye mpaka mwisho.

Piga hesabu mwenyewe, mkuu. Chukua timu bora sana, ambayo kila raundi ina nafasi 65 kwa 100 ya kupita. Ni nafasi nzuri mno, kwenye ligi hii hata wabashiri hawampi mtu kirahisi. Zidisha mara nne. Unapata kama 18 kwa 100. Yaani bora wa wote, akiwa na bahati ya kutoumia, anabeba chini ya mara moja kwa miaka mitano. Wengine wote wanagawana kilichobaki.

Na hapo sijamgusa kipa. Kipa akikataa, amekataa. Mabao ni machache, paki inapita katikati ya miguu ya watu sita, inagonga kiatu, inagonga gongo la mtu wako mwenyewe. Mwaka jana ligi yetu ya wazee tulifika fainali, mechi moja tu, mshindi anapata kreti ya bia na picha. 3-3, dakika zinakwisha, mtu anapiga ovyo kutoka pembeni, inagonga kiatu changu, inabadili njia, kipa wetu anaangalia upande mwingine. Hakuna aliyenilaumu. Nilikuwa pale ninapotakiwa kuwa. Nimelirudia tukio lile kichwani usiku mwingi nikiwa barabarani na sijaona cha kufanya tofauti, labda ningekuwa na viatu vidogo.

Turudi kwa McDavid. Msimu wa 2023/24 Oilers walianza vibaya mpaka kocha akafukuzwa Novemba. Wakafufuka, wakashinda 16 mfululizo, wakafika fainali. Florida wakawapiga tatu za kwanza. Tatu bila! Hapa mjini watu walishaanza kushusha bendera kwenye magari. Ya nne Oilers wakashinda 8-1, ya tano 5-3 kule Florida, ya sita 5-1 nyumbani. Tatu kwa tatu. Sijawahi kuona mji huu hivyo. Nilikuwa napeleka mzigo dukani, meneja ambaye huwa hanisalimii akanikumbatia. Ya saba Florida wakashinda 2-1. McDavid alimaliza mtoano na pointi 42, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, na pasi peke yake zilikuwa 34, rekodi iliyovunja ile ya pasi ya gwiji Wayne Gretzky. Wakampa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano mzima akiwa upande ulioshindwa. Hakutoka kwenda kuichukua. Mechi mbili za mwisho hakuwa na pointi hata moja, na ukitaka kumlaumu laumu hapo, lakini angalia Florida waliweka watu wangapi mgongoni kwake, na yeye mwenyewe alikuwa na mechi ngapi miguuni. Mwaka uliofuata tukamkosa mfungaji wetu Zach Hyman aliyeumia kifundo cha mkono raundi ya tatu, makipa wakawa wanapokezana, Florida wakamaliza mechi ya sita. Florida wenyewe walishapoteza fainali ya 2023 kabla ya kubeba mbili hizi. Hakuna aliyewaita wazembe.

Hao Maple Leafs wa Toronto, timu yenye hela na mashabiki kuliko zote hapa Kanada, hawajabeba tangu 1967. Timu ya Kanada kwa ujumla haijabeba tangu Montreal 1993. Ray Bourque alicheza misimu 22 ndipo akalipata, 2001, na ilibidi ahame Boston aende Colorado.

Na huyu mchangiaji wa pili anayesema hoki ni ya wazungu kupigana ngumi: Nairobi, hoteli ya Panari, kuna barafu tangu 2005, na vijana wa Ice Lions wanacheza pale. Mwaka 2018 waliletwa Kanada wakacheza na mastaa wa ligi kubwa, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ndani ya jezi moja. Waulize wao kama ni ngumi.

Ile mechi ya saba ya 2024 niliiangalia kwa mzee jirani yangu. Ana gazeti la 1990, mara ya mwisho Oilers kubeba, amelitia kwenye fremu juu ya runinga. Alikuwa ameshaninong'oneza kwamba pembeni yake ameacha nafasi ya fremu nyingine. Kipenga cha mwisho kilipolia hakusema kitu. Kwenye hoki mkimaliza raundi mnapanga mstari mnashikana mikono, wote, hata aliyekuvunja ubavu. Akaangalia mpaka mtu wa mwisho akashikwa mkono, akazima runinga, akatoka nje. Nikabaki na mwanangu kwenye kochi tukiangalia kioo cheusi. Juni huku jua linachelewa kuzama, ilikuwa inakaribia saa tatu usiku na kweupe kabisa. Tukasikia mashine ya kukata nyasi inawashwa.